Nyumba na Kazi Yake Isiyokwisha

Kazi za wanadamu ni za namna mbili: ziko kazi zenye mwisho, na ziko kazi zisizo na mwisho. Mwandishi wa barua huifikia sahihi yake. Msafiri hufika kituoni akateremka. Mwanafunzi hufanya mtihani, akapata cheti, akalifunga daftari lake. Lakini afagiaye leo atafagia kesho. Aoshaye vyombo baada ya chakula cha mchana atavikuta vichafu baada ya chakula cha jioni. Azibaye tundu la paa kabla ya masika atapanda juu tena kabla ya vuli. Kazi za namna ya kwanza hupewa hotuba, vyeti na nishani. Kazi za namna ya pili hazitajwi mpaka siku zinapoachwa kufanywa. Siku hiyo ndipo kila mtu huuliza kwa mshangao kwa nini mtungi hauna maji.

Msomaji kijana, insha hii yahusu kazi za namna ya pili, hasa kazi ya kutunza nyumba. Swali lake ni jepesi kutamka na gumu kujibu: je, mtu aweza kupata furaha ya kweli katika kazi isiyokwisha? Na kama aweza, furaha hiyo hutoka wapi? Usidhani kuwa swali hili ni la wapishi na wafagiaji peke yao. Fikiri ni saa ngapi za maisha ya mama yako, na za nyanya yako kabla yake, zilizotumiwa katika kuteka maji, kuwasha moto, kufua nguo, kusugua sakafu na kushona viraka. Kama kazi hiyo haina maana, basi sehemu kubwa ya maisha ya watu waliotulea ilipotea bure. Kama ina maana, yatupasa kuijua maana hiyo, na kuchukua sehemu yetu ya mzigo.

Maswali ya namna hii hupotea upesi yakiachwa hewani. Yafaa yapewe mahali pa kukaa. Twende basi Kiganjo, mji mdogo wa Nyeri, wenye kituo cha reli iendayo Nanyuki na chuo kijulikanacho Kenya nzima kwa kufundisha polisi. Upande mmoja uko Mlima Kenya, ambao wenyeji huuita Kirinyaga, wenye urefu wa meta 5,199. Upande wa pili iko safu ya milima ya Nyandarua. Nchi ni ya baridi. Mwezi wa Julai ukungu hulala juu ya mashamba mpaka jua likawa la utosi, na watu hawaachi makoti yao. Mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, na nyingine kati ya Oktoba na Desemba. Katika nchi kama hiyo nyumba si pambo, ni ngao.

Nyumba nyingi za mashambani katika sehemu hizi zimejengwa kwa mbao au mabanzi, zikaezekwa kwa mabati. Tazama adui wa nyumba ya namna hiyo. Mvua hurusha matope ukutani, ikapenya katika matundu ya misumari, ikaozesha mbao za chini. Jua la Januari hukausha mbao zikapasuka, na upepo wa usiku ukapata njia katika nyufa. Mchwa hupanda kutoka ardhini pasipo kelele: nguzo ya mtarakwa huwashinda kwa miaka mingi, lakini nguzo ya mti laini huliwa moyo wake, ikabaki ganda. Moshi wa kuni hupaka masizi darini. Majani hujaza mifereji ya bati, na maji yaliyotakiwa tangini yakamwagika msingini. Wala hakuna hata mmoja wa adui hawa ashindwaye mara moja kwa daima. Mwenye nyumba hupaka nguzo zake oili chafu mwaka huu, hukaza misumari, huzoa majani, hupogoa ua wa michongoma. Na mwaka ujao adui wale wale humngoja pale pale.

Wayunani wa kale walikuwa na hadithi ya mfalme mmoja, jina lake Sisyphus, aliyehukumiwa kusukuma jiwe kubwa mpaka kilele cha kilima. Kila alipokaribia kufika, jiwe liliporomoka, naye akashuka kulianza upya, milele na milele. Hadithi hiyo husimuliwa kuwa mfano wa adhabu kali kupita zote. Watu wengi, wanapoinama na ufagio asubuhi, hujiona kuwa ndugu za mfalme yule. Lakini tulinganishe mambo hayo mawili kwa haki. Jiwe la Sisyphus halikumfaa mtu. Hapakuwa na mtoto aliyelala penye joto kwa sababu jiwe lilisukumwa, wala mgeni aliyekaribishwa, wala mgonjwa aliyepewa uji. Kilichomtesa Sisyphus hakikuwa kurudia, bali kurudia pasipo mtu wa kufaidika. Sisi sote hupumua pasipo kukoma, wala hakuna alalamikaye kuwa alikwisha kupumua jana. Moyo hupiga palepale kifuani tangu kuzaliwa hata kufa, na kazi hiyo isiyokwisha ndiyo tunayoiita uhai. Basi kurudiarudia si laana. Kurudia kwa ajili ya mtu ni mapenzi yaliyovaa nguo za kazi.

Wazee wa nchi hii walilifahamu jambo hili. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichochapishwa mwaka 1938, ameeleza jinsi nyumba ya Kikuyu ya kale ilivyojengwa. Ilipasa ijengwe na kukaliwa katika siku moja. Miti na nyasi zilikusanywa kwanza. Kisha jamaa, rafiki na majirani wakaja, wanaume kwa kazi ya miti na wanawake kwa kazi ya nyasi, na kabla ya giza kuingia nyumba ilisimama, na moto ukawashwa ndani yake. Zingatia hesabu hiyo, msomaji. Kuijenga nyumba kulichukua siku moja. Kuitunza kulichukua siku zote zilizobaki. Sifa za siku ya kujenga zilikuwa kubwa: palikuwa na vicheko, pombe na baraka. Lakini nyasi zilianza kuoza tangu mvua ya kwanza, na moto ule uliotiwa kwa heshima ulihitaji ukuni mwingine usiku ule ule. Siku moja ya wengi ilizaa nyumba. Miaka mingi ya wachache iliilea. Ni kama mtoto: kuzaliwa kwake ni sherehe ya siku moja, kulelewa kwake ni shughuli ya miaka ishirini, na hakuna mzazi aliyesema kuwa malezi ni upungufu wa sherehe.

Yamkini mtu atasema, "Maneno hayo ni mazuri wakati wa amani. Je, nyumba inapochomwa moto? Miaka ya kufagia na kuziba yote huwa majivu kwa saa moja. Hapo furaha iko wapi, na imani iko wapi?" Neno hili ni zito, na Nyeri ni mahali pake hasa, kwa maana watu wa Nyeri walilijibu kwa maisha yao.

Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia katikati ya mwaka 1954, watu wa mashambani katika Nyeri na wilaya za jirani waliondolewa kwa nguvu katika makazi yao, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge. Katika muda usiofika miaka miwili, watu zaidi ya milioni moja walihamishwa hivyo, wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba nyingi za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, wengine msituni, wengine wamekufa. Hivyo kazi ya kujenga upya iliwaangukia zaidi wanawake, pamoja na kazi za lazima walizoamriwa na walinzi. Tusiipambe habari hii kwa maua. Ilikuwa dhuluma, na njaa na maradhi viliwachukua wengi, hasa watoto na wazee.

Lakini nakuomba utazame jambo moja katika habari hiyo. Nyumba za vijiji vile hazikuchaguliwa na waliokaa ndani yake, wala hazikupendwa. Hata hivyo kuta zake zilikandikwa, mafiga matatu yaliwekwa, moto uliwashwa, na watoto waliobaki walipikiwa. Mama aliyekanda udongo mahali pale hakuwa akikubali dhuluma. Alikuwa akikataa jambo baya zaidi, nalo ni kukubali kuwa watoto wake hawana kesho. Wenye silaha waliweza kuamuru mahali pa kujenga. Hawakuweza kuamuru nia ya mjengaji. Hali ya Hatari ilikwisha mwanzoni mwa mwaka 1960. Mahandaki yalifukiwa, seng'enge zikang'olewa, na watoto waliolelewa penye mafiga yale wakawa watu wazima wa nchi huru. Kwa hiyo tusiseme kuwa nyumba ikichomwa utunzaji wote huwa majivu. Huungua paa na ukuta. Desturi ya kutunza haiungui, maana haikuwa ukutani. Ilikuwa katika mikono.

Mikono hiyo hiyo ilifanya jambo jingine linalostahili kujulikana na kila mwanafunzi. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Katika miaka ya 1960 wanawake wa Nyeri na sehemu za jirani walianzisha vikundi vya kusaidiana ambavyo watu waliviita vikundi vya mabati. Sababu yake ilikuwa nyasi. Mashamba yalikuwa yamekusanywa, yakapimwa na kuzungushiwa ua, na mahali palipokuwa malisho na vichaka palilimwa. Nyasi za kuezekea zikawa haba. Paa la nyasi lilikuwa likitaka kurekebishwa kila mara, tena lilivuja na kushika moto kwa urahisi, wala halikukinga maji ya kunywa. Bati lilidumu zaidi, na maji yake safi yaliweza kupelekwa katika pipa au tangi, mwanamke akaepukana na safari ya kwenda mtoni na mzigo mgongoni. Lakini bati lilikuwa ghali, na mwanamke mmoja peke yake hakuwa na uwezo wa kulinunua.

Basi walifanya hivi. Wanachama walichanga fedha kidogo kidogo. Walikwenda pamoja kulima na kupalilia katika mashamba ya watu kwa ujira, na ujira wakautia katika mfuko mmoja. Mfuko ulipotosha mabati ya nyumba moja, walinunua mabati, wakamwezekea mwenzao. Kisha wakaanza kumkusanyia wa pili, na wa tatu, mpaka zamu ikawafikia wote. Vikundi vingine viliendelea mbele, vikanunua matangi ya maji, vyombo vya nyumbani na ng'ombe wa maziwa.

Sasa mfikirie mwanamke ambaye zamu yake ilikuwa ya mwisho. Mwezi baada ya mwezi alitoa senti zake na nguvu zake ili paa la mwingine ling'ae juani, naye jioni akarudi kulala chini ya nyasi zivujazo, sufuria ikipokea matone kando ya kitanda chake. Alikuwa na dhamana gani? Hakuwa na hati ya benki wala ya mahakama. Dhamana yake ilikuwa neno la wenzake, na kuamini kwake kuwa watu walioezekewa hawatamwacha. Ukiniuliza imani ni nini, sitakuonyesha kwanza kitabu cha wanazuoni. Nitakuonyesha mwanamke yule, jembe begani, akienda kulipalilia bati la jirani yake.

Hapa twaifikia maana ya imani katika utunzaji. Watu wengi hudhani kuwa imani ni jambo la midomo na la siku moja ya juma. Lakini imani ni kutenda leo kwa ajili ya kitu kisichoonekana bado. Azoaye majani katika mfereji wa bati wakati wa kiangazi, mbingu zikiwa tupu, amekiri kuwa mvua itakuja. Atandikaye kitanda cha mwanawe aliye safarini amekiri kuwa atarudi. Hakuna aliyewahi kupiga rangi nyumba ambayo alisadiki kuwa dunia itakwisha usiku ule. Kila kazi ndogo ya nyumbani ni sala isiyo na maneno, na labda kwa sababu hiyo ni sala isiyoweza kuwa ya uongo.

Jambo hili halikufichwa kwa watu wa nchi nyingine. Katika mji wa Djenne, nchini Mali, uko msikiti mkubwa wa udongo ambao jengo lake la sasa lilikamilika mwaka 1907. Udongo hauwezi kushindana na mvua. Kwa hiyo, kwa desturi, watu wa mji hukusanyika kila mwaka kabla ya majira ya mvua wakaukandika upya. Mafundi hupanda juu ya kuta, vijana hukimbia na makapu ya udongo, wanawake huleta maji, na siku hiyo ni sikukuu. Wangeweza kuona kukandika huko kuwa aibu ya jengo lao, kwamba halikuumbwa kwa jiwe. Wao wamekufanya kuwa ibada na shangwe. Jengo la jiwe laweza kusahau watu waliolijenga. Jengo la udongo halina ruhusa ya kuwasahau, maana bila wao lingekuwa matope.

Tena hata jiwe husahau kwa hatari yake. Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mjini Unguja mwaka 1883, jumba kubwa lenye nguzo za chuma na roshani pana, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa fahari ya Mwambao mzima. Lilizeeka, sehemu zake zikadhoofika na kuanguka, likafungwa. Na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, upande wake mkubwa uliporomoka na kuua watu wawili. Kiganjo nako kulikuwa na somo lake. Reli ya Nanyuki iliachwa miaka mingi pasipo garimoshi la abiria, nyasi zikaota kati ya mataruma, mpaka mwaka 2020 ilipofanyiwa kazi kubwa ya kufufuliwa na abiria wakaanza tena kusafiri. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hii husemwa kwa kutisha, na kutisha kwake ni kwa haki, lakini ina upande wa pili ambao hausemwi sana: azibaye ufa kila mwaka amejenga ukuta kila mwaka, ingawa hakuna amwonaye kuwa mjenzi.

Nimeisifu kazi ya nyumbani. Sasa sina budi kuikinga sifa hiyo isitumiwe vibaya, maana iko hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni ya dhuluma. Ni rahisi sana kwa mtu aliyeketi kitini kumsifu aliyesimama jikoni. Kijana wa kiume husoma habari kama hizi, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema, "Naam, utunzaji wa nyumba una furaha kubwa," kisha akamwachia dada yake furaha yote. Sifa ya namna hiyo ni wizi uliopambwa. Ikiwa kazi hii ni chungu, yafaa uchungu wake ugawanywe. Na ikiwa ni tamu, kwa nini wengine wanyimwe? Wako wasemao kuwa ufagio na pasi haviendani na uanaume. Hao na waende katika vyuo vya askari. Kila mahali duniani desturi ya vyuo hivyo ni kumfundisha kijana kutandika kitanda chake, kufua na kunyoosha nguo zake, kung'arisha viatu vyake na kusafisha chumba alalamo, kabla ya kumkabidhi silaha. Hakuna amwitaye askari huyo mwanamke. Kama usafi haumpunguzii heshima mwenye bunduki, hauwezi kumpunguzia mwenye kalamu. Vikundi vya mabati vilifaulu kwa sababu mzigo ulizunguka na faida ikazunguka. Katika nyumba ambamo mzigo hukaa juu ya kichwa kimoja siku zote, tusimtake mwenye kichwa hicho aimbe.

Hatari ya pili ni kuigeuza nyumba kuwa mungu. Wako watu waipendao sakafu kuliko miguu ikanyagayo. Mgeni huingia akaogopa kuketi. Mtoto hucheza akapigwa kwa sababu ya tone la uji. Jirani mwenye viatu vya matope husalimiwa kutoka mlangoni. Nyumba hiyo inang'aa, lakini imekufa, kama kaburi lililopakwa chokaa. Utunzaji ulioacha watu na kushika vitu umerudi kwa jiwe la Sisyphus kwa njia nyingine. Kipimo chake ni rahisi: jiulize ni nani atakayepumzika kwa sababu ya kazi yako. Ukiwa na jibu, kazi yako ni njema hata kama nyumba ni ya mabanzi. Ukiwa huna jibu, kazi yako ni tupu hata kama nyumba ni ya marumaru.

Sasa tuliulize tena swali letu la kwanza: furaha hutoka wapi katika kazi isiyokwisha? Haitoki mwishoni, kwa kuwa mwisho haupo. Basi hapana budi itoke katikati, na aingojaye mwishoni ataikosa siku zote. Hutoka katika kufahamu kitu kwa mikono: atunzaye nyumba hujua ubao upi hulia ukikanyagwa, upepo upi huleta mvua, na dirisha lipi hupokea jua la kwanza litokalo upande wa mlima. Hutoka katika ustadi ukuao, kwa maana afungaye bati la kumi hafungi kama alivyofunga la kwanza. Hutoka katika kuona kwa macho kuwa jambo moja dogo limekaa sawa katika dunia yenye mambo mengi yasiyokaa sawa. Na zaidi ya yote hutoka katika ushirika, kwa kuwa huwezi kuitunza nyumba pasipo kuwakumbuka walioitunza kabla yako na watakaoipokea baada yako. Furaha hii haina kelele. Haifanani na ile ya mpira uliofungwa golini. Yafanana na joto la makaa chini ya majivu, ambalo hulioni mpaka unyooshe mkono.

Wala usidhani kuwa siku zote utaihisi. Ziko asubuhi za Julai ambapo maji ni baridi kama barafu, kuni zimelowa, na moshi hutoa machozi. Siku hizo kazi ni kazi tu. Hapo ndipo imani hushika zamu ya furaha, kama mlinzi wa usiku ashikavyo zamu ya mlinzi wa mchana. Furaha hukufanya upende kutunza. Imani hukufanya utunze wakati upendo umechoka. Moja ikilala, nyingine hukesha, na nyumba haikosi mlinzi.

Basi, kijana, utakapofunga kitabu hiki usitafute jambo kubwa la kufanya. Tazama pembeni mwako. Pengine ni bweni lenye dirisha lisilofungika, au jiko la nyumbani lenye taa yenye masizi, au ua ulioinamishwa na mbuzi, au mama ambaye hajaketi tangu alfajiri. Chagua ufa mmoja uliouzoea hata ukaacha kuuona, nao uuzibe. Kesho utafunguka mwingine. Usikasirike. Sahau matumaini ya kuimaliza nyumba, kwa maana nyumba iliyomalizika ni ile ambayo hakuna tena mtu wa kuichafua, na hiyo hakuna aitamaniye. Alama za miguu juu ya sakafu uliyoifagia ni habari njema: watu wa nyumbani wako hai, na wamerudi.